Je, wajua? "Check" ya Kiingereza ni mfalme wa Uajemi

Neno la Kiingereza "check" limebebeshwa kazi nyingi mno. Ni kukagua, ni kuzuia, ni hundi ya benki, ni bili ya mgahawani kwa Wamarekani, ni nguo ya mirabaraba. Maana hizi hazielekei kuwa na undugu wowote, lakini zote zimetoka kwenye ubao wa sataranji.

Sataranji ilianzia India, yapata karne ya 6, ikiitwa chaturanga, yaani jeshi la vikosi vinne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Ilipofika Uajemi, mchezaji aliyemtishia mfalme wa mwenzake alimtahadharisha kwa kutamka "shah!", mfalme. Waarabu waliupokea mchezo pamoja na neno, wakaufikisha Ulaya. Kwa Kilatini shah likawa scaccus, kwa Kifaransa cha kale eschec, na Waingereza wakalipunguza mwanzo likabaki check. Hata chess, jina la mchezo wenyewe, ni wingi wa neno hilohilo: wafalme.

Checkmate nayo ni shah mat. Wengi huifasiri "mfalme amekufa", kwa kuwa mat inafanana na kitenzi cha Kiarabu cha kufa, kilichotupa mauti na maiti. Kwa Kiajemi, hata hivyo, mat ni kuishiwa la kufanya. Tafsiri hii ndiyo ninayoikubali, maana katika sataranji mfalme hauawi. Hubanwa mpaka akose pa kwenda.

Anayeambiwa "check" hulazimika kuacha mipango yake yote amwokoe mfalme. Ndiyo maana kufikia karne ya 14 neno lilikuwa limeshabeba maana ya kumsimamisha mtu au kumzuia. Baadaye likaja kukagua, kwani hesabu hukaguliwa ili kuzuia udanganyifu.

Palipo patamu zaidi ni kwenye fedha. Katika karne ya 12, masherifu wa Uingereza, yaani maofisa wa mfalme majimboni, waliitwa mara mbili kwa mwaka, Pasaka na mwishoni mwa Septemba, kutoa hesabu ya mapato ya mfalme. Richard FitzNeal, mtunza hazina wa Mfalme Henry wa Pili, aliieleza shughuli hiyo katika kitabu alichokiandika miaka ya 1170. Palikuwa na meza ya futi 10 kwa 5, imetandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Juu yake vilisogezwa vihesabio, safu hii ya peni, ile ya shilingi, nyingine ya pauni, hata asiyejua kusoma akaona kwa macho yake anachodaiwa. FitzNeal anasema hayo yalikuwa mapambano kama ya sataranji: mtunza hazina upande mmoja, sherifu upande wa pili, wengine wameketi kama waamuzi. Ofisi nzima ikapewa jina la ubao huo, Exchequer, na hadi leo waziri wa fedha wa Uingereza huitwa Chancellor of the Exchequer.

Hundi ilifuata katika karne ya 18. Mwanzoni check ilikuwa kile kipande cha karatasi kilichobaki ofisini ili kuzuia kughushi, kisha jina likahamia kwenye hundi yenyewe. Waingereza wakaanza kuiandika cheque, wakiifuatisha Exchequer. Wamarekani wakabaki na check.

Kiswahili kimelipokea neno hili mara mbili. Kwanza lilikuja kutoka Mashariki, likatupa shaha, mfalme wa sataranji, ambalo pia ni cheo cha malenga mkuu. Kisha likaja kupitia Kiingereza, na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wakalipa kazi zao: "cheki yule" ni mtazame, na "nitakucheki jioni" ni nitakutafuta, pengine kwa simu tu.