Makala ya utafiti ya kushawishi ni nini hasa?

Neno "kushawishi" lina jina baya. Likitajwa tu, akili inakimbilia vishawishi: mtu aliyerubuniwa, mpiga kura aliyehongwa, mnunuzi aliyelainishwa kwa maneno matamu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa aandike makala ya utafiti ya kushawishi hujikuta njia panda. Utafiti unamtaka asiwe na upande, ushawishi unamtaka awe nao. Wengi hujinasua kwa kuandika kitu nusunusu: ama ripoti iliyopoa inayopanga nani alisema nini, ama hotuba ya jukwaani iliyobandikwa rejea ili ionekane ya kisomi.

Katika uandishi wa kitaaluma, kushawishi kuko karibu zaidi na kukinaisha: kumfikisha mtu mahali ambapo hana tena sababu ya kubisha. Makala ya utafiti ya kushawishi, basi, ni andiko linalotoa dai moja ambalo mtu mwenye akili zake anaweza kulipinga, na kulitetea kwa ushahidi uliotafutwa na kupimwa, hatua kwa hatua, kiasi kwamba anayepinga ama anakubali, ama anaweza kuonyesha kidole hatua anayoikataa. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachosahauliwa sana. Makala nzuri humwachia mpinzani mlango wa kuingilia na kukagua. Hotuba huufunga.

Tuanze na dai, maana hapo ndipo kazi nyingi hufia. Mwanafunzi anaandika: "Usingizi ni muhimu kwa vijana." Kweli kabisa, lakini nani amekataa? Jaribio rahisi ni kuigeuza sentensi. Ukisema "usingizi si muhimu kwa vijana", hutampata mtu wa kuisimamia hiyo. Dai lisilo na mpinzani halihitaji makala, linahitaji kutikiswa kichwa tu. Sasa chukua hili: "Shule za sekondari zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi." Hapo mara moja wanatokea watu. Mzazi anayewahi kazini atauliza nani atamwangalia mtoto. Kocha atauliza mazoezi yatafanyika saa ngapi. Mwalimu mkuu atauliza kuhusu mabasi. Na mwingine atasema vijana ni wavivu tu, ukiwasogezea saa ya kuamka nao watasogeza saa ya kulala. Ukiona umati wa namna hiyo umekusanyika mbele ya sentensi yako, jua umepata hoja kuu.

Swali la utafiti na hoja kuu huchanganywa mara kwa mara, ingawa tofauti yake ni nyepesi: swali ndilo unaloanza nalo, hoja kuu ni jibu ulilofikia. Mtu anayeanza na jibu kabla ya kusoma chochote hufanya ule mchezo wa mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Anafungua tovuti ya majarida, anaandika anachotaka kusikia, anachukua makala mbili zinazomuunga mkono na kuziacha tano zinazompinga. Kisha anashangaa msimamizi anapomuuliza, "Na hizi nyingine?"

Ushahidi wenyewe hausemi. Mwandishi ndiye anayeusemesha. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin, katika kitabu chake cha mwaka 1958, aliichambua hoja kama fundi anavyofungua mashine, akaonyesha kwamba katikati ya ushahidi na dai kuna kipande cha tatu ambacho mara nyingi hakitamkwi: kanuni inayoturuhusu kutoka kwenye huo ushahidi kwenda kwenye hilo dai. Tukiite kiungo. Mvua imenyesha usiku (ushahidi), basi barabara itakuwa na utelezi (dai). Kiungo ni kwamba barabara hiyo huteleza ikilowa. Kama ni ya udongo, hakuna atakayebisha. Kama ni ya changarawe, mpinzani atakukamatia hapohapo.

Tuuweke mfano wa shule mezani tuuone kwa karibu. Mwaka 2014 Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ilipendekeza shule za sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Sababu yake ni ya kimwili: wakati wa kubalehe, melatonini, homoni inayoandaa mwili kulala, huanza kutoka usiku zaidi kuliko utotoni, hivyo kijana husinzia kwa kuchelewa hata akizimiwa taa. Mwaka 2016 jiji la Seattle lilisogeza saa ya kuanza shule zake za sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi. Watafiti walichukua shule mbili, wakawavalisha wanafunzi saa za mkononi zinazorekodi mienendo ya mwili, wakalinganisha kundi la kabla ya mabadiliko na kundi la mwaka uliofuata. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha usingizi uliongezeka kwa dakika 34 kwa usiku, kwa kipimo cha kati (namba inayoangukia katikati, zote zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa).

Mwanafunzi mwenye haraka ataandika: "Utafiti wa Seattle ulionyesha dakika 34 zaidi, kwa hiyo shule zote zichelewe kuanza." Hiyo "kwa hiyo" imeruka mto bila daraja. Aliyekuwa akibisha hajajibiwa chochote, amerushiwa takwimu tu.

Mwandishi anayejua kazi yake hukaa na namba hiyo. Kwanza huuliza ilipatikanaje. Ilitokana na vifaa vya mkononi, si kwa kuwauliza vijana "umelala saa ngapi?", na hilo lina uzito kwa sababu watu hukosea wakikisia usingizi wao. Pili huuliza inamjibu nani. Inamjibu yule aliyesema vijana wangesogeza tu saa ya kulala. Saa ya kuanza ilisogea dakika 55, na kama kulala nako kungesogea dakika 55, usingizi usingeongezeka hata dakika moja. Umeongezeka 34. Mpinzani huyo amejibiwa kwa hesabu, bila kuitwa majina. Na ukweli unabaki kwamba hazikufika 55, jambo ambalo mwandishi mwaminifu atalitaja mwenyewe kabla hajatajiwa. Tatu huuliza inaishia wapi. Zilikuwa shule mbili katika jiji moja, na kundi la 2017 halikuwa wanafunzi walewale wa 2016. Utafiti huo pia ulikuta alama za mwisho za somo la biolojia zikiwa juu kwa asilimia 4.5, lakini kwa kuwa ni makundi tofauti, kuandika kwamba kuchelewa kuanza "kunaongeza alama" ni kuubebesha utafiti mzigo usio wake. "Alama zilikuwa juu zaidi katika kundi la pili" inatosha, na inasimama.

Kuna wanafunzi wanaoogopa maneno kama "huenda", "kwa kiasi kikubwa", "katika shule hizi", wakidhani yanaonyesha woga. Naona kinyume chake. Msomaji makini akikutana na "siku zote", "bila shaka yoyote" na "utafiti umethibitisha" ndani ya aya moja, anaanza kukagua mifuko yake. Neno linalopunguza dai hadi kiasi ambacho ushahidi unaweza kulibeba ndilo linalolifanya lisivunjike. Lipo kosa la upande wa pili pia, la kuweka "huenda" kila mstari hadi makala ikose msimamo. Dawa yake ni kupima kila sentensi peke yake.

Kuhusu mpinzani mwenyewe: kumpa aya moja karibu na mwisho, ikianza na "hata hivyo wapo wanaosema" na kuishia na "lakini hawa wamekosea", ni desturi ya madarasani ambayo haimridhishi mtu. Mpinzani anastahili kusemwa kwa ubora wake, kwa maneno ambayo mwenyewe angeyakubali. Yule mzazi anayewahi kazini ana shida ya kweli, na data ya usingizi haimgusi. Mwandishi ana njia tatu kwake: kuonyesha kwamba shida hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kukubali kwamba ipo na kutafuta namna ya kuipunguza, au kulipunguza dai lenyewe, kwa mfano kwa kupendekeza mabadiliko kwa madarasa ya juu tu, ambako kijana hahitaji kuangaliwa. Njia hii ya tatu haipendwi kwa sababu inafanana na kushindwa, ingawa mara nyingi ndiyo inayoleta makala bora.

Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, alizitaja njia tatu za kushawishi: tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya maneno yenyewe. Wahadhiri hupenda kuzifundisha kama vyombo vitatu vya kuchaguliwa, lakini katika makala ya utafiti hazina uzito sawa. Tabia ya mwandishi huonekana kwa jinsi anavyozishika rejea, kama ameisoma kazi anayoitaja au ameinukuu kupitia mtu mwingine, na kama namba zake zinalingana na chanzo. Hisia zinaruhusiwa mlangoni, kwa kisa kimoja kinachoonyesha kwa nini jambo lina maana, lakini hazikai kwenye kiti cha ushahidi. Ukiona umeandika "inasikitisha sana" na hukuweka kitu cha kumsikitisha msomaji, futa neno, tafuta kitu.

Mfano wa kazi ya namna hii iliyofanya kazi yake hadi mwisho ni wa daktari John Snow. Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, London. Wakati huo wataalamu wengi waliamini ugonjwa huo unasambazwa na hewa chafu. Snow alidai unasambazwa na maji, na kwamba chanzo cha mlipuko ule kilikuwa pampu ya Broad Street. Kinachosifiwa sana siku hizi ni ramani yake yenye vifo vilivyozunguka pampu. Ila ramani peke yake isingemshinda mtu wa hewa chafu, kwani naye angesema: ndiyo, hapo ndipo hewa ilipokuwa mbaya zaidi.

Nguvu ya Snow ilikuwa kwenye visa visivyokaa sawa. Karibu na pampu palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, na waliokufa humo ni 5 tu. Kama ni hewa, walivuta hewa ileile, ila nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Kiwanda cha bia cha mtaani kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70 na hakuna aliyekufa, kwani walipewa bia na kiwanda kilikuwa na kisima chake pia. Kisha mjane mmoja wa Hampstead, mbali kabisa na Soho, alikufa kwa kipindupindu mahali ambapo hakikuwepo. Ikagundulika kwamba aliyapenda maji ya Broad Street na alikuwa akiletewa. Hapo hewa inamfikiaje? Kila kisa ambacho mpinzani angekitumia dhidi yake, Snow alikwenda kukichunguza, na kikageuka kuwa ushahidi wake. Tena aliandika wazi kwamba mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua kabla pampu haijaondolewa mpini, Septemba 8, hivyo haikuwezekana kuamua kama kuuondoa ndiko kulikouzima. Mtu mwingine angelimeza hilo kimyakimya, maana hadithi ingekuwa tamu zaidi.

Wakubwa wa afya wa London hawakukubali. Lakini nakala ya andiko lake ilimfikia kasisi msaidizi wa mtaa uleule, Henry Whitehead, ambaye hakuamini habari za pampu na alikusudia kuzipinga. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikunywa nini na lini, akizipitia hatua za Snow ili aipate iliyolegea. Alichokipata ni mtoto mchanga wa nyumba namba 40 ya Broad Street, aliyeugua kabla ya mlipuko kushika kasi, ambaye maji ya kufulia nepi zake mama yake aliyamwaga kwenye shimo la uchafu mbele ya nyumba. Walipochimba, wakakuta matofali yameoza, na kutoka shimo hilo hadi kisima cha pampu haikufika mita moja.