Je, wajua kwamba sikio la mtoto mchanga hutoa sauti?

Sikio tumezoea kulijua kwa kupokea. Lakini sikio zima, likiwekewa kinasa sauti kidogo mahali palipotulia, nalo hutoa sauti yake, hafifu kiasi kwamba anayembeba mtoto hawezi kuisikia. Sauti hiyo ndiyo inayomwezesha muuguzi kupima usikivu wa mtoto wa siku mbili aliyelala fofofo, bila kumsumbua yeye wala kumhoji mama yake. Kabla ya kueleza inatoka wapi, inabidi tuweke kando kipimo kingine ambacho ndicho kinachoaminika majumbani, kuanzia Igogo jijini Mwanza hadi Nansio kisiwani Ukerewe. Kipimo chenyewe ni sufuria.

Hufanyika hivi. Mtoto ana miezi minane au kumi, haitikii jina lake, na bibi ameanza kuuliza maswali. Mtu anasimama nyuma ya mtoto na kugonga sufuria kwa mwiko. Mtoto anashtuka, anageuka, pengine na kulia analia. "Si mnaona? Huyu anasikia, ana ukaidi tu." Mjadala unaishia hapo, na huenda usifufuliwe mpaka mtoto afike umri wa chekechea akiwa bado hana maneno.

Kasoro ya kwanza ya kipimo hiki ni nguvu ya sauti yenyewe. Mazungumzo ya kawaida, mtu akiwa umbali wa mita moja, yana nguvu ya desibeli 60 hivi. Mnong'ono ni kama 30. Sufuria ikigongwa karibu na kichwa hupita 90 bila shida. Sasa mchukue mtoto ambaye masikio yake hayapokei chochote kilicho chini ya desibeli 60. Sufuria ataisikia. Atasikia pia honi ya meli bandarini, mlango uliobamizwa na upepo, na pikipiki isiyo na bomba. Asichokisikia vizuri ni kile kitu kimoja ambacho mtoto anakihitaji kuliko vyote ili ajifunze lugha, yaani mama yake akiongea naye. Kwa hiyo sufuria inajibu swali la kama mtoto anasikia sufuria, na inalijibu kwa usahihi kabisa.

Kasoro ya pili ni kudhani kwamba usikivu ni taa, ama imewaka ama imezimwa. Mara nyingi kinachopungua ni sehemu tu ya sauti, hasa zile nyembamba. Irabu, yaani a, e, i, o, u, hubebwa zaidi na sauti nene zenye nguvu. Konsonanti kama s, f, sh, t na k ni nyembamba na dhaifu. Mtoto aliyekosa sauti nyembamba hupata wimbo wa maneno bila mifupa yake: kwake "pita", "sita" na "fika" zote ni i-a. Atajua mama amekasirika, kwa sababu hasira iko kwenye mpando wa sauti. Ukimwambia "njoo" huku umenyoosha mkono, atakuja. Familia nzima itaapa kwamba anaelewa, na kwa kweli kuna kitu anachokielewa.

Halafu kuna mambo yanayopenya bila kupitia sikioni. Anayegonga sufuria ana kivuli, ana upepo wa mkono, na mara nyingi kuna ndugu aliyekaa mbele ya mtoto ambaye macho yake tayari yanamtazama mgongaji. Mtoto asiyesikia husoma nyuso kwa umakini wa kutisha. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kanga huhisi sauti ya mama ikitetemeka kifuani mwake. Na ngoma za Kisukuma, zile kubwa za Bugobogobo, hazihitaji sikio kabisa. Hupigwa na kifua chako kikajua. Mtoto kiziwi anaweza kucheza ngoma kwa mapigo sahihi, watu wakampigia makofi na kwenda nyumbani wameridhika.

Vipi kuhusu kubwabwaja? Hapa ndipo hata watu makini hupotea njia. Katika miezi ya mwanzo mtoto asiyesikia hulia, hucheka na kutoa vile vi-"aguu" kama wenzake, kwa sababu kazi hiyo haisubiri sikio. Tofauti hujitokeza baadaye, pale silabi zinapotakiwa kujipanga, "ba-ba-ba", "ma-ma-ma". Watoto wanaosikia huwa wamefika hapo kabla ya kumaliza miezi kumi, na wasiosikia kwa kawaida huchelewa. Lakini ni mzazi gani anayekaa na kalenda kuhesabu silabi? Kinachosikika nyumbani ni kwamba mtoto ana kelele, na kelele inachukuliwa kuwa dalili ya uzima.

Mtoto akishachelewa kusema, lawama huangukia ulimi. Anapelekwa kukatwa udata, au kimeo, kwa wembe ambao haujulikani umetoka wapi. Au anasubiriwa, kwa kuwa baba yake naye alichelewa kuongea. Wakati mwingine baba kweli alichelewa, na mtoto kweli anaongea, jambo linaloifanya hoja hiyo iwe ngumu kuiua.

Tusijione wajinga peke yetu. Uingereza, nchi nzima, ilitegemea kwa miongo kadhaa jamaa wa karibu wa sufuria. Wahudumu wa afya waliwatembelea watoto wa miezi saba au minane, mmoja akamvuta mtoto kwa mdoli, mwingine akapiga njuga nyuma yake na kutazama kama atageuka. Walikuwa wamefundishwa, na njuga zilichaguliwa kwa uangalifu kuliko mwiko wetu. Bado watoto wengi waliponyoka, na mpango huo ukabadilishwa na upimaji wa watoto wachanga, ambao ulikuwa umeenea England yote kufikia mwaka 2006.

Walichokuwa wamegundua ni kwamba tabia ya mtoto ni shahidi dhaifu, na sikio lenyewe linaweza kuulizwa moja kwa moja.

Ndani, nyuma ya kiwambo cha sikio na vifupa vitatu vidogo, kuna koklea: mrija uliojikunja karibu mizunguko miwili na nusu, umejaa maji. Humo mna seli zenye vinywele, za aina mbili. Za ndani ni kama 3,500 kwa kila sikio, na ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Za nje ni kama 12,000, na kwa muda mrefu haikueleweka kwa nini ziwe nyingi hivyo wakati habari nyingi hazipitii kwao. Jibu ni kwamba zenyewe hujinyoosha na kujifupisha, maelfu ya mara kwa sekunde, zikifuata sauti iliyoingia.

Chukua mtumbwi uliokwama nusu mchangani pale Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Wimbi dogo linafika, linaunyanyua kidole kimoja, linarudi zake. Mtumbwi uko palepale. Sasa weka vijana pande zote mbili, mikono kwenye ukingo. Hawasukumi ovyo. Wimbi likinyanyua, wanasukuma, likishuka, wanapumzika. Baada ya mawimbi machache mtumbwi unayumba vizuri, kwa wimbi lilelile ambalo mwanzoni halikuweza kitu. Vijana hao ndio seli za nje. Bila wao, wimbi kubwa bado litautikisa mtumbwi, kama sufuria inavyomfikia mtoto. Ni mawimbi madogo yanayopotea, na mazungumzo ni mawimbi madogo.

Angalia sasa upande wa pili. Kila wanaposukuma, mtumbwi unapiga maji, na viwimbi vinarudi ziwani. Mtu aliyesimama majini usiku, asiyeona mtumbwi wala vijana, akihisi viwimbi hivyo miguuni atajua kwamba kuna watu kazini. Sikioni ni hivyohivyo: mtikisiko wa seli za nje unavuja kurudi nyuma, unapita kwenye vifupa, unakitikisa kiwambo kutokea ndani, na hewa iliyo kwenye tundu la sikio inapokea sauti hafifu. Kifaa cha kupimia kina kijiti laini chenye spika ndogo na kinasa sauti. Kinatoa mlio mfupi, kinanyamaza, kisha kinasikiliza jibu ndani ya milisekunde chache zinazofuata. Kazi nzima ni dakika chache kwa mtoto aliyelala, hasa akiwa ametoka kunyonya. Kikwazo kikubwa ni kelele. Korido ya kliniki yenye watoto ishirini wanaolia na bodaboda dirishani si mahali pa kunasa kitu kidogo hivyo.

Historia yake ni ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1948 Thomas Gold, aliyekuwa Cambridge, alitoa hoja kwamba sikio lazima liwe na kikuza sauti chake chenyewe, na kwamba kama ni hivyo huenda likatoa sauti. Alijaribu kuinasa kwa vifaa vya wakati ule akaikosa, hoja ikawekwa kabatini, naye akaenda kupata umaarufu katika elimu ya nyota. Ni David Kemp wa London aliyeinasa na kuchapisha mwaka 1978, miaka 30 baadaye.

Tusiligeuze jambo hili kuwa muujiza. Viwimbi vinasema vijana wapo. Havisemi kama mwenye mtumbwi, aliyelala nyumbani, amepata habari. Mtoto aliyepata manjano kali, aliyezaliwa njiti sana au aliyechelewa kulia anaweza kuwa na seli za nje nzima na mshipa wa fahamu wa kusikia ulioharibika. Kwa hao hutumika kipimo cha pili, ambapo vinasa umeme hubandikwa kichwani kutazama kama mlio umefika kwenye shina la ubongo. Pia mtoto wa siku ya kwanza anaweza kuwa bado na maji ya uzazi sikioni, na sikio likaonekana kimya bure. Kutopita kipimo maana yake ni kurudiwa, si kwamba mtoto ni kiziwi. Katika nchi zinazopima kila mtoto, wanaothibitika kuwa na upungufu wa kudumu tangu kuzaliwa ni kama 1 hadi 3 kwa kila 1,000.

Kwa nini haraka yote hii? Utafiti unaotajwa mara nyingi zaidi ni wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, Colorado, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998. Walilinganisha watoto 150 wenye upungufu wa usikivu, na waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Ila watoto hawakugawanywa kwa kura, na familia inayowahi inaweza kuwa inatofautiana na inayochelewa kwa mambo mengine mengi. Hata hivyo mwelekeo umejirudia kwingine, na ndiyo asili ya ratiba inayofuatwa na wengi: kupimwa kabla ya mwezi 1, kuthibitishwa kabla ya miezi 3, kuanza kusaidiwa kabla ya 6.

Msaada wenyewe si mmoja. Kuna shimesikio, kile kifaa cha sikioni kinachokuza sauti. Kwa mtoto mdogo kipande kinachoingia tunduni hupwaya kila baada ya miezi michache kwa sababu sikio linakua, na betri nazo zinakula. Kuna upandikizaji wa koklea, ambao Muhimbili ilianza mwaka 2017. Na kuna Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo haihitaji betri. Hofu kwamba alama zitamfanya mtoto mvivu wa kusema haina ushahidi wa maana. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba watoto viziwi waliozaliwa katika nyumba za watumiaji wa lugha ya alama hubwabwaja kwa mikono. Shule ya Viziwi Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, lakini mtoto anayekutana na lugha kwa mara ya kwanza mlangoni mwa shule ameshapoteza miaka mingi. CHAVITA, chama cha viziwi, ni mlango mmoja wa kuipata mapema zaidi.

Nchini kwetu kipimo cha kijiti si sehemu ya kawaida ya kliniki ya mama na mtoto. Kwa Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Bugando ina idara ya masikio, pua na koo, na wasiwasi wa mama peke yake ni sababu tosha ya kuomba rufaa. Mzazi anayeshuku mara nyingi ana hoja. Kinyume chake hakifanyi kazi, kwa kuwa mzazi asiye na wasiwasi huenda ana sufuria tu. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa katika miezi 9 na 18 tangu mwaka 2014, nayo ni kinga ya masikio: rubela ikimpata mama mwanzoni mwa ujauzito inaweza kumwachia mtoto uziwi.

Na aliyepita kipimo alipozaliwa hajapita cha maisha yote. Usaha wa sikio unaojirudia hupunguza usikivu taratibu, surua na matumbwitumbwi vinaweza kuuondoa, na homa ya uti wa mgongo huweza kuumaliza kwa siku chache. Kwa hiyo ya mwisho kipimo hufanywa mara mtoto anapopata nafuu, ikiwezekana kabla hajatoka wodini, kwa sababu koklea iliyoathiriwa na homa hiyo inaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache, na ikishajaa, hata kifaa cha kupandikizwa hakipati pa kupita.