Doa jekundu kwenye ramani si joto

Sisi tunaotafuta jotoardhi, yaani mvuke wa chini ya ardhi wa kuzalisha umeme, swali lilelile limeturudia: "Ardhi ina joto kila mahali, sasa mnatafuta nini miaka yote hiyo?" Ni kweli, sehemu nyingi za mabara joto huongezeka nyuzi 25 hadi 30 hivi kila kilomita unayoshuka. Lakini mwamba wa moto usio na maji wala nyufa hautoi mvuke. Tunahitaji joto, maji na njia ya maji kupita, vyote mahali pamoja, na hiyo njia ndiyo inayotutoa jasho.

Kinachonikera hasa ni ramani za ukinzani wa umeme, yaani jinsi mwamba unavyozuia umeme kupita. Mtu anaona doa jekundu chini ya ardhi, anasema, "Moto si huo hapo? Chorongeni!" Jamani, hapo hatukupima joto. Tumepima jinsi umeme unavyopita, na penye jekundu unapita kwa urahisi kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi, hasa smektaiti, uliotokea pale maji moto yalipougeuza mwamba. Smektaiti haihimili joto kali. Ukikaribia nyuzi 200 na kuzidi, inageuka ilaiti, aina nyingine ya udongo wa mfinyanzi, na ukinzani unapanda. Kwa hiyo mvuke tunaoutaka mara nyingi uko chini ya doa, pale ambapo mgeni anaona hamna kitu. Doa ni kifuniko cha chungu.

Na kifuniko hubaki hata moto ukishazimika zamani. Vivyo hivyo epidoti, yale madini ya kijani tunayoyashangilia kwenye vipande vya mwamba vinavyotoka kisimani: yanaonyesha kwamba pale paliwahi kufika nyuzi 240 hivi. Lini, hayasemi. Ndiyo maana tunashusha kipimajoto, tunasubiri kisima kilichopozwa na maji ya kuchorongea kirudi katika hali yake, kisha tunapima tena na tena.

"Basi pasueni mwamba, mpitishe maji yenu." Hilo limejaribiwa. Kule Fenton Hill, New Mexico, Marekani, mwamba wa zaidi ya nyuzi 300 ulipatikana, lakini nyufa zilizofunguliwa kwa shinikizo la maji zilielekea upande usiotarajiwa, zikakikosa kisima cha pili, ambacho zilipaswa kukiunganisha na cha kwanza. Ikabidi kichorongwe upya kuzifuata. Mimi pia, kabla ya kuchoronga, mwelekeo wa nyufa naukisia. Nina sababu zangu, na nitazitetea mbele ya yeyote, lakini nakisia.