Kutolewa kizazi: ulitolewa nini hasa?

"Mimi nilishatolewa kizazi, sina tena cha kupimwa huko." Kauli hii naisikia mno kwa mama na shangazi zetu, na inanitia hofu, kwa sababu baadhi yao mlango wa kizazi wangali nao.

Uchunguzi wa viungo vya uzazi ni kuangaliwa kabla hujaugua. Hedhi ikikoma, uchunguzi haukomi, hubadilika tu.

Tatizo liko kwenye huko "kutolewa kizazi", maana upasuaji wenyewe si wa namna moja. Wako wanaotolewa mji wa mimba pamoja na mlango wake. Wako wanaoachiwa mlango, na hili hutokea sana kwenye dharura, mzazi anapovuja damu nyingi na madaktari wanakimbizana na uhai wake. Ovari, yaani vifuko vya mayai, nazo ni habari nyingine kabisa: huweza kuachwa au kuondolewa kwa aina zote mbili. Aliyeondolewa ovari zote kabla ya wakati hukoma hedhi siku hiyo hiyo, na mifupa yake inahitaji kuangaliwa mapema.

Aliyeachiwa mlango anaweza kupata saratani ya mlango wa kizazi, hivyo aendelee kupimwa kama wanawake wenzake. Aliyetolewa vyote viwili kwa sababu ya faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), na hajawahi kukutwa na mabadiliko ya awali ya saratani, kipimo hicho hakihitaji tena. Lakini aliyewahi kukutwa na mabadiliko makubwa hufuatiliwa ukeni kwa miaka mingi. Miongozo ya Marekani inasema 25.

Na kwa waliokoma hedhi wakiwa na kizazi chao: kile kipimo cha siki tulichokizoea, mlango unapopakwa siki na kutazamwa, hakiwafai sana, kwa kuwa sehemu inayotazamwa huwa imeingia ndani. Waulizie kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo ya mlango wa kizazi. Damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata kama ni tone, hiyo si hedhi iliyorudi. Nendeni hospitali.

Kwa hiyo mama akisema hana cha kupimwa, mwulizeni taratibu alitolewa nini. Wengi hawakuambiwa, na si kosa lao. Karatasi aliyoruhusiwa nayo hospitali huwa imeandikwa alichotolewa. Ikiwa imepotea, daktari au muuguzi aliyefunzwa akimpima ukeni ataona kama mlango upo.