Kosa la diski likijirudia, usikimbilie kukarabati hifadhidata

Mara nyingi nikiitwa kuangalia hifadhidata iliyogoma, nakuta wenyewe wameshaikarabati, tena zaidi ya mara moja. Kosa lilitokea, wakaendesha amri ya ukarabati, mambo yakatulia, kisha likarudi. Hapo ndipo pa kusimama. Ukarabati ukishafaulu na kosa likarudi, ugonjwa hauko kwenye hifadhidata, na kuendelea kuikarabati ni kupiga deki huku paa linavuja.

Hifadhidata haigusi diski yenyewe. Inaomba ukurasa wa data, kilobaiti 8 kwa PostgreSQL na SQL Server, 16 kwa InnoDB (injini ya kuhifadhi data) ya MySQL kama hukubadilisha mipangilio, na ombi hilo linapita kwenye mfumo wa faili, keneli (kiini cha mfumo endeshi), drayva, kontrola (kifaa kinachoendesha diski) na kebo ndipo lifike kwenye diski. Uharibifu unaweza kuzaliwa popote njiani. Hifadhidata ndiyo inayopiga kelele kwa sababu ndiyo inayokagua cheksamu (namba ya kuthibitisha kuwa data haijabadilika) ya kila ukurasa inaousoma. Kwenye PostgreSQL ukaguzi huo ulikuwa wa hiari tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, na ni toleo la 18 ndilo lililouwasha kwa chaguo-msingi. Kama yako ni ya zamani, hakikisha umewashwa. Bila hivyo ukurasa ulioharibika unaweza kusomwa kimya kimya.

Soma kosa lenyewe kwa makini. SQL Server inasaidia sana hapa. Kosa 823 lina maana mfumo endeshi wenyewe umeshindwa kusoma au kuandika. Kosa 824 lina maana usomaji umefaulu ila kilichosomwa si sahihi: cheksamu hailingani, au ukurasa unajitaja kwa namba isiyo yake. Halafu kuna 825, ambalo mimi naliogopa kuliko yote mawili. Usomaji umeshindwa, ukarudiwa, ukafaulu. Mtumiaji amepata jibu lake, hakuna aliyelalamika, na taarifa imeandikwa kwenye logi kwa uzito mdogo kana kwamba ni habari ya kawaida. Si ya kawaida. Ni diski, au njia ya kuifikia, imeanza kufa, na umepewa muda wa kujiandaa. Weka tahadhari ya kukuamsha 825 likitokea hata mara moja.

Kabla ya uchunguzi wowote, chukua nakala na uipeleke kwenye kifaa kingine kabisa. Usifute wala usiandike juu ya nakala za zamani, kwa sababu ile ya jana huenda imeshabeba uharibifu. Diski ikiwa inakwama waziwazi, zima hifadhidata na uinakili diski nzima kwa ddrescue, zana ya kunakili diski mbovu. Ukaguzi mzito kama DBCC CHECKDB ya SQL Server unailazimisha isome kila kitu, na huenda isifike mwisho.

Sasa swali langu kubwa: kosa linarudi palepale, au linahamahama? Andika jina la faili na namba ya ukurasa kila linapotokea, na ulinganishe muda wake na kilichoandikwa kwenye dmesg, yaani logi ya keneli ya Linux. Likirudi palepale, shuku sekta mbovu (kipande kidogo cha diski). Likihamahama, shuku kebo, kontrola au RAM. Kwenye diski za SATA, smartctl, zana inayosoma hesabu za afya ya diski, itakuonyesha mengi: namba 5, 197 na 198 zinahusu sekta zilizobadilishwa, zinazosubiri uamuzi na zilizoshindikana. Namba 199 huhesabu makosa ya mawasiliano, na mara nyingi mkosaji ni kebo. Hesabu hiyo hairudi sifuri ukibadilisha kebo, kwa hiyo angalia kama inaendelea kupanda. Wala usitulizwe na neno PASSED (imefaulu) pale juu. Diski nyingi hufa zikiwa nalo.

RAM husahaulika. Ukurasa ukikataliwa sasa, kisha ukasomwa upya kutoka diski ukakubaliwa, na seva haina RAM ya ECC (inayogundua na kusahihisha makosa yake), ipime kumbukumbu kabla hujanunua diski.

Kuna jambo la Linux linalostahili kujulikana. Mwaka 2018 waendelezaji wa PostgreSQL waligundua kwamba fsync (ombi la kuhakikisha data imefika diskini) ikishindwa, keneli inaweza kuzihesabu kurasa zile kuwa zimeshaandikwa. Ukiita fsync tena inajibu kuwa imefaulu, ilhali data imepotea. Tangu matoleo ya 2019, PostgreSQL hujizima yenyewe hapo na kurejea kutoka WAL, logi yake ya mabadiliko. Ukiiona imeanguka namna hiyo, usiwashe data_sync_retry, mpangilio unaoiruhusu ijaribu tena, ili isianguke. Imeanguka ili kuokoa data yako.

Vifaa vikishatengemaa ndipo uguse data. Kama kilichoharibika ni faharasa tu, ijenge upya na hupotezi kitu. Kama ni jedwali, rejesha kutoka nakala isiyo na uharibifu. REPAIR_ALLOW_DATA_LOSS ya SQL Server inajitaja yenyewe: karabati, ruhusu data ipotee. Zero_damaged_pages ya PostgreSQL inafuta safu mlalo (rekodi) zote za ukurasa ulioharibika. Innodb_force_recovery ya MySQL kuanzia 4 inaweza kuharibu faili moja kwa moja. Hizo ni za kuokoa kilichobaki pale nakala haipo, na ziendeshwe juu ya nakala ya faili, kamwe si juu ya faili halisi. Baada ya hapo endesha ukaguzi kamili kila usiku kwa muda, na uzitazame zile hesabu za smartctl kila asubuhi.