Upepo wa ubavuni sio jina lingine la upepo mkali

Kila kandege kadogo kakitoka nje ya ranwei (njia ya kurukia na kutulia ndege) wakati wa kutua utasikia "upepo ulikuwa mkali mno", na siku hizi watu wameokota "upepo wa ubavuni" wanalitumia kana kwamba ni daraja la juu la upepo mkali. Hapana jamani. Upepo wa ubavuni ni ule unaoikata ranwei kwa upande, basi, uwe mkali uwe wa kawaida.

Upepo mkali wa mbele rubani anaupenda. Cessna 172, kandege kadogo ka injini moja, inakuja kutua kwa kama noti 65 (za mwendo, sio za benki, noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa). Upepo wa noti 20 ukiipiga puani, ardhi inaifuata kwa noti 45 tu na breki zinapata kazi ndogo. Sasa chukua upepo huohuo, noti zilezile 20, uje kwa nyuzi 90, hapo wote ni wa ubavuni. Ukija kwa nyuzi 30 ni nusu tu, noti 10, ndo inayosukuma kwa upande, trigonometria ya sekondari hiyo. Na ile noti 15 ya upepo wa ubavuni iliyoandikwa kwenye kitabu cha 172 watu wanaiita kikomo, sio kikomo, ni kiwango walichoonyesha kwenye majaribio.

Ndo maana uwanja wa ndege wa Wilson pale Nairobi kuna ranwei mbili, 07/25 na 14/32, namba hizo ni nyuzi za dira zimekatwa sifuri ya mwisho, ili rubani apate chaguo upepo ukigeuka. Zanzibar ni moja, 18/36, kusi likija kutoka kusini kabisa raha tupu, likianza kuelemea mashariki hesabu inaanza.

Kwenye kutua kwenyewe ndege inakuja mwendo wa kaa, pua imegeukia upepo ila yenyewe inafuata mstari wa ranwei, halafu karibu na lami rubani anakanyaga pedeli pua inyooke na analaza kidogo bawa la upande wa joshi, kama watu wa majahazi wanavyouita upande unakotoka upepo, gurudumu la upande huo liguse kwanza. Akichelewa kunyoosha, magurudumu yanagusa yakiwa yamekaa mshazari na miguu ya ndege inabeba mzigo wa pembeni. Akishagusa akaona kazi imeisha akalegeza mikono, hapo ndo wengi wanapoharibu, maana upepo unasukuma mkia, pua inageukia upepo, bawa la joshi linanyanyuka, lile la demani, upande unakoelekea upepo, linakwangua lami na panga boi la puani likigusa chini injini lazima ifunguliwe ikaguliwe. Zile ndege zenye gurudumu dogo chini ya mkia ndo balaa zaidi, uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa kwa hiyo zikianza kugeuka zinamalizia zenyewe.

Na upepo wa vishindo ni habari nyingine tena, huo tatizo lake ni kupanda na kushuka ghafla, unaweza kuja hata kutoka mbele.

Kwa hiyo ukitaka kusema ni upepo wa ubavuni, taja ulitokea wapi na ranwei inaelekea wapi. Kama hujui, sema tu ndege ilitoka nje ya ranwei siku yenye upepo, hakuna atakayekukosoa.