Mtoto njiti na baridi ya mlimani: tusaidiane kabla hajafika wodini

Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, sisi wauguzi wa watoto wachanga hapa Moshi tunampokea sana mtoto wa namna hii: kazaliwa kabla ya wakati huko juu Rombo, Kibosho au Machame, kafungwa kanga tatu na blanketi zito, kateremshwa kwa gari la Noah hadi mjini. Tukimwekea kipimajoto kwapani kinasoma nyuzi 34. Bibi aliyemsindikiza anashangaa: "Sista, mbona tulimfunika vizuri?"

Swali la bibi ni la haki, na jibu lake ndilo ningependa kila familia ilijue. Blanketi halitengenezi joto, linatunza lile lililopo. Mtoto wa gramu 1500 hana joto la kutunzwa.

Mtu mzima akipigwa na baridi hutetemeka, na kule kutetemeka kunampa joto. Kichanga hatetemeki. Anategemea mafuta maalumu yaliyoko kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, ambayo kwa kiasi kikubwa hujaa wiki za mwisho za ujauzito. Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, amekuja duniani kabla akiba hiyo haijawekwa. Ngozi yake ni nyembamba, kichwa ni kikubwa kwa mwili wake, na kama hakukaushwa vizuri alipozaliwa, unyevunyevu unaokauka mwilini unaondoka na joto lake.

Halafu shida moja inaita nyingine. Kuunguza yale mafuta machache kunakula oksijeni na sukari. Sukari ikishuka mtoto analegea, akilegea hanyonyi, asiponyonya sukari inazidi kushuka, na mwisho pumzi inaanza kukatika. Baadaye ndugu wakiambiwa mtoto "alishindwa kupumua", hilo ni kweli, lakini kwa maoni yangu baridi inastahili kutajwa mara nyingi kuliko inavyotajwa.

Joto la kawaida la kichanga kwapani ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kama huna kipimajoto, mguse tumbo kisha nyayo kwa nyuma ya mkono wako. Tumbo lina joto na nyayo ni za baridi: ameanza kupoa. Vyote ni vya baridi: hiyo ni dharura, hata kama amelala kimya kana kwamba ameshiba. Ukimya wa njiti usikufariji.

Sasa hiyo safari ya kuteremka mjini. Mvue mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Mama afungue kifua, mtoto awekwe wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, shavu moja likiegemea kifua cha mama na uso ukionekana. Miguu inakunjwa kama ya chura. Mfungeni kwa kanga isiyolegea, inayofika chini kidogo ya sikio lake, kisha mama avae sweta au koti juu yake. Madirisha yafungwe. Kama mama kafanyiwa upasuaji au anavuja damu, kifua cha baba kinafaa, cha shangazi kinafaa, hata cha bibi. Bibi zetu wengi wakielezwa hili kwa heshima wanalikubali haraka kuliko vijana.

Njia hii tunaiita huduma ya kangaruu. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Ilionekana ya kimaskini, lakini ushahidi ukaja kuipandisha hadhi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa 2021, ulifuatilia watoto wa gramu 1000 hadi 1799. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie kwanza, vifo vyao ndani ya siku 28 vilikuwa pungufu kwa robo. Tangu 2022 shirika hilo linapendekeza mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku. Kwa hiyo familia inapouliza kwa nini mtoto wao "hakuwekwa kwenye chupa", yaani mashine ya joto, ijue kwamba kifua cha mama si huduma ya daraja la pili. Wapo watoto wanaohitaji mashine, na wodi inajua ni nani.

Wodini kazi ya muuguzi ni kutazama zaidi kuliko kuchoma sindano. Tunahesabu pumzi dakika nzima. Zikizidi 60, au mbavu zikibonyea anapovuta hewa, au akiguna kila anapotoa pumzi, mapafu yanahangaika. Mapafu ya njiti yana upungufu wa utando laini unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Tunamsaidia kwa kumsukumia hewa puani kwa kipimo. Mtoto akiacha kupumua kwa sekunde 20 au zaidi tunamsugua mgongo au nyayo ili ashtuke, na dawa ya kafeini humsaidia asirudie rudie. Kuna msaada mwingine wa mapafu ambao hutolewa kabla mtoto hajazaliwa: mama mwenye uchungu wa mapema, kati ya wiki 24 na 34, anaweza kuchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Zinataka muda ili zifanye kazi. Maji yakianza kuvuja mimba ikiwa changa, usingoje kupambazuke.

Ndugu hutuuliza pia, "Sista, mbona mmepunguza oksijeni?" Kwa sababu ikizidi inaharibu mishipa ya damu ya macho ya njiti. Tunataka kipimo cha oksijeni kwenye damu yake kikae kati ya asilimia 90 na 95, si 100.

Chakula. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa karibu na wiki ya 34 ya ujauzito, kwa hiyo mdogo zaidi ya hapo hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni. Tunaupima kwanza, kutoka ncha ya pua hadi sikioni, kisha hadi katikati ya kitovu na mwisho wa mfupa wa kifua. Mama anashika bomba la sindano lisilo na kisukumio, muuguzi anamimina maziwa aliyokamua, nayo yanateremka yenyewe. Mama akinyanyua mkono yanakimbia, akiushusha yanapunguza mwendo. Hayasukumwi kamwe. Siku za mwanzo huwa ni kama kijiko kimoja cha chai kwa mlo, na akina mama hukata tamaa wakiona kiasi hicho. Msikate tamaa, na ile dang'a ya njano msiimwage. Maziwa ya mama yanamkinga njiti na ugonjwa mbaya wa kuoza utumbo, na maziwa ya kopo hayana kinga hiyo. Mama akamue angalau mara nane kwa siku, usiku ikiwemo. Mtori mleteeni, ale ashibe, na mumpumzishe na wageni.

Umanjano huwapata watoto wengi, na njiti huathirika zaidi. Ukitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ukifika viganjani na kwenye nyayo, mlete hospitali siku hiyo hiyo. Jua la asubuhi halitoshi kutibu umanjano mkali. Tunatumia taa ya mwanga wa buluu, macho yakiwa yamefunikwa, maana umanjano ukipanda sana unaharibu ubongo. Na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende kabatini visikae na nguo za mtoto: kwa watoto wenye upungufu fulani wa kurithi kwenye damu, harufu yake inavunjavunja chembe za damu na umanjano unapanda kwa kasi.

Maambukizi yanaletwa na mikono, na mikono hiyo ni pamoja na yetu sisi wauguzi. Una haki ya kumuuliza muuguzi kama amenawa. Hatutachukia.

Mkirudi nyumbani kangaruu inaendelea hadi mtoto mwenyewe aanze kujinyoosha na kukataa kufungwa. Kuoga kunaweza kusubiri, kumfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kunatosha. Jiko la mkaa lisiwekwe chumbani ili "apate joto". Moshi wake usioonekana umeshaua watu wazima, sembuse njiti. Akikataa kunyonya, akipata degedege, akipumua haraka, akiwa wa moto au wa baridi, au akisogea pale tu anapoguswa, rudini kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, hata usiku.

Tarehe za kliniki nazo msiziruke kwa sababu tu mtoto amenenepa. Waliozaliwa chini ya gramu 1500 wanatakiwa kupimwa macho karibu wiki ya nne tangu kuzaliwa, wakati kwa nje macho yanaonekana hayana tatizo, na uharibifu ukigundulika mapema unatibika. Na mama aliyeajiriwa aulize kazini kuhusu likizo: sheria za kazi zilizorekebishwa mwaka 2025 zinamwongezea aliyejifungua njiti muda hadi zile wiki 40 za ujauzito zitimie. Aombe hospitali imwandikie barua inayotaja umri wa mimba alipojifungua, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.